Kuufundisha mkono kazi mpya: mwongozo kutoka karakana ya nakshi Lamu

Stima ikikatika usiku ndani ya nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa zamani wa Lamu, giza huwa giza kweli. Kuta ni nene, madirisha ni machache, ngazi zimesimama wima na hakuna madaraja mawili yenye kimo sawa. Na bado utamsikia mama wa nyumba akishuka na sinia ya vikombe, kikombe hakigongi kikombe. Miguu yake haioni. Anajua goti limekunjika kiasi gani, kisigino kiko wapi, sinia imelala sawa au imeinama. Ujuzi huo ndio huo huo unaomwezesha mchongaji kugonga patasi mara mia bila kuutazama mkono ulioishika.

Naandika kwa ajili ya anayejifunza kazi ya mkono, iwe ni nakshi, kushona kofia au kupiga kafi, na pia kwa anayeirudia kazi baada ya kuumia. Mimi mwenyewe ni wa kundi la pili. Niliteleza kwenye ngazi za gati maji yakiwa yametoka, mwani umetanda, nikavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Wiki sita za plasta. Ilipokatwa, mfupa ulikuwa umeunga vizuri, lakini nyundo ilikuwa kama imeshikwa na mkono wa mtu nisiyemjua. Mapigo yalitua pembeni ya kichwa cha patasi, patasi ikalala, mstari ukaenda kombo. Kazi hiyo niliipokea kwa ami yangu nikiwa mtoto, wala sikumbuki nilijifunzaje. Safari hii ilinibidi nijifunze nikiwa na akili ya mtu mzima, nikisoma na kujaribu, na nikaona kwamba mengi niliyokuwa nikiwafanyia vijana wa karakana yalikuwa yanawachelewesha.

Kabla ya hatua, elewa unamfundisha nani

Ndani ya msuli, katikati ya nyama yake, mna nyuzi nyembamba za pekee, na ncha za neva zimezizunguka kama kamba iliyozungushiwa mlingoti. Msuli ukinyooshwa, mizunguko hiyo huachana na neva hupeleka habari: nimerefuka kiasi hiki, kwa kasi hii. Kwenye kano, pale msuli unaposhikana na mfupa, mna vihisio vingine vinavyopima nguvu ya mvuto. Ngozi nayo hutoa ushahidi wake; kunja kidole taratibu na utasikia ngozi ya mgongo wa kiganja inavyovutika. Mwanasayansi Mwingereza Charles Sherrington ndiye aliyeipa hisi hii ya kujua viungo viko wapi jina la kitaalamu, mwaka 1906. Hapa nitaiita hisi ya viungo.

Mwaka 1972 watafiti watatu, Goodwin, McCloskey na Matthews, walionyesha jinsi ubongo unavyoiamini misuli. Walimfumba mtu macho, wakautetemesha kwa mashine msuli wa mkono karibu na kano lake. Mkono haukuwa umekwenda anapodhani umekwenda, lakini yeye alihisi kiwiko kinakunjuka. Mtetemo uliifanya neva ipige kelele kana kwamba msuli unanyooshwa, na ubongo ukapokea hivyo hivyo.

Habari hizi hupanda kwenye ugwemgongo, ule ugwe wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo, kwa njia zaidi ya moja. Moja huishia sehemu ya juu ya ubongo, na kwa hiyo unaweza kusema, “mkono wangu uko hapa.” Nyingine huishia serebela, ile sehemu iliyo kisogoni, chini. Serebela ni ndogo, uzito wake ni kama sehemu moja ya kumi ya ubongo, lakini imebeba zaidi ya nusu ya nyuroni zote za ubongo, yaani seli zinazopeleka habari. Kila ubongo unapoupa mkono amri, nakala ya amri hiyo hupelekwa huko, na serebela hutabiri: kwa amri hii, tutahisi hivi. Kisha habari ya kweli hufika kutoka kwenye misuli. Zikilingana, kimya. Zikitofautiana, hiyo tofauti ndiyo somo, na amri ya mara ijayo hurekebishwa kidogo. Ndiyo maana huwezi kujitekenya: utabiri umekwisha fika kabla ya vidole.

Aliyeshinda siku nzima ndani ya mashua na bahari imechafuka analijua hili. Akishuka na kuketi barazani, baraza linayumba. Mwili bado unayatabiri mawimbi.

Sasa mtazame anayekosa haya yote. Mwaka 1971 kijana wa Uingereza aitwaye Ian Waterman, umri wake miaka 19, aliugua, na ugonjwa ukamharibia neva za hisi kuanzia shingoni kwenda chini. Misuli yake ilikuwa na nguvu kama zamani, maumivu na joto aliyahisi, ila hakujua mikono yake iko wapi asipoitazama. Alijifundisha upya kukaa, kusimama na kutembea kwa kutumia macho na fikra katika kila tendo. Taa zikizimika, alianguka. Ngazi zile za Mkomani asingeziweza.

Hatua ya 1: Jipime

Kaa na mtu wa nyumbani. Fumba macho. Mwambie akuinue mkono wa kushoto taratibu na akikunje kiwiko anavyotaka, kisha wewe uuweke wa kulia vile vile. Fumbua. Haitakuwa sawa kabisa, na hiyo si kasoro. Kila mtu hupotoka kidogo. Rudia mara tano na uandike umepotokea upande gani, maana wengi wana upande wao. Mkono wangu uliovunjika ulikuwa unabaki chini, kila mara, na mimi nikiapa umefika juu.

Halafu jaribu hili. Weka mkono juu ya meza, fumba macho, utulie dakika tatu bila kuusogeza hata kidole. Sasa, macho yakiwa bado yamefumbwa, gusa ncha ya kidole gumba cha mkono huo kwa mkono wa pili. Huenda ukashangaa umekosea kwa kiasi gani. Mkono uliotulia bila kutazamwa habari zake huchakaa. Ukiutikisa kidogo, zinaamka. Tangu nilipolijua hili siigongi patasi kabla ya kuichezesha mara mbili tatu mkononi.

Hatua ya 2: Chagua tendo moja dogo

“Kuchonga waridi” si tendo moja, ni matendo ishirini. Anza na mstari mmoja wa kukata kwa kusimamisha patasi. Tumia mbao ya mwembe, maana ni laini na haina gharama kubwa. Mbambakofi, ulio mgumu zaidi, utaufikia.

Hatua ya 3: Shika, fumba, fumbua

Zoezi hili ndilo lililonirudishia mkono, na ndilo ninalowapa vijana wiki ya kwanza yote. Ubao uwe umebanwa mezani. Nyundo iweke chini, mbali. Hapa hakuna kugonga, na usifumbe macho kamwe huku unagonga au unasukuma chombo chenye makali.

Simamisha patasi wima juu ya mstari ukiwa unaona. Isikie: uzito wake umeegemea kidole kipi, kifundo cha mkono kimekunjika kiasi gani, kiwiko kiko mbali au karibu na ubavu. Inyanyue, ushushe mkono pajani. Sasa fumba macho, uirudishe juu ya ubao pole pole na uisimamishe wima tena. Kabla ya kufumbua, sema kwa sauti: “Imelala kushoto kidogo,” au “Imenyooka.” Fumbua, uangalie.

Siku za mwanzo kinywa na patasi havitasikilizana. Kijana mmoja niliyenaye karakanani alikuwa akisema “imenyooka” kwa yakini kabisa, na patasi imelala kama tanga la mashua inayokwenda joshi. Siku ya nne akasema, “Imelala kwangu,” na kweli ilikuwa imelala kwake. Mstari wake ulikuwa bado mbaya. Mimi nilifurahi, kwa sababu mkono ulioanza kulisikia kosa lake umekwisha pata mwalimu anayelala nao na kuamka nao.

Fanya mara kumi, pumzika, mara kumi tena. Ukizoea wima, fanya kwa kuilaza nusu. Inatosha.

Hatua ya 4: Macho yawe kwenye makali

Ukianza kugonga, macho yatataka kwenda kwenye vidole, au kwenye nyundo. Yaweke pale makali yanapoingia kwenye mti.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni muda. Jicho likiona kosa, hupita zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kabla mkono haujaanza kurekebisha. Misuli yenyewe hujibu haraka zaidi: mkono ukisukumwa ghafla, jibu la kwanza kupitia ugwemgongo hufika kwa kiasi cha sehemu tatu za mia za sekunde. Nyundo inaposhuka, jicho halina nafasi ya kuiongoza. Pigo limekwisha amriwa. Kazi ya jicho ni kuona matokeo ili pigo linalofuata liamriwe vizuri zaidi.

Ya pili ni kwamba ukiufikiria mkono kiungo kwa kiungo, unauingilia kazi yake. Mtafiti Gabriele Wulf na wenzake wamechunguza jambo hili kwa miaka mingi: anayeambiwa aweke fikra kwenye matokeo ya tendo kwa kawaida hujifunza vizuri kuliko anayeambiwa aufikirie mwili wake. Basi usimwambie mwanafunzi, “Kunja kifundo zaidi.” Mwambie, “Makali yaende hadi kwenye alama hii, yasiipite.” Kifundo kitajikunja chenyewe.

Msomaji makini atauliza: mbona hatua ya 3 ilisema usikie kifundo na kiwiko? Ile ni ya kuinoa hisi, patasi ikiwa haifanyi kazi. Hii ni ya kazi yenyewe. Usizichanganye katika pigo moja.

Kuhusu mwendo, anza pole pole, lakini usikae hapo muda mrefu. Pigo la pole pole na pigo la mwendo wa kazi si tendo moja lililoharakishwa. Uzito wa nyundo huvuta mkono kwa namna tofauti, na serebela inabidi iutabiri mvuto wa kweli. Baada ya siku mbili tatu, gonga kwa mwendo wa kazi, hata kama mstari utaharibika.

Hatua ya 5: Kisia kwanza, ndipo uangalie

Hapa ndipo mafundi wengi tunakosea, na nimekosea sana. Mwanafunzi anagonga, fundi anasema. Anagonga, fundi anasema. Siku hiyo kazi inapendeza. Kesho fundi akienda sokoni, mkono umekuwa mgeni, kwa sababu aliyekuwa akilipima kosa ni fundi, si mkono. Watafiti wa mazoezi ya mwili wameliona hili katika majaribio: anayesahihishwa kila mara hung’aa wakati wa mazoezi, na akiachwa peke yake baadaye, mara nyingi aliyesahihishwa mara chache humpita.

Siku hizi mazungumzo karakanani ni hivi:

“Ami, iko sawa?”

“Wewe waonaje?”

“Naona mwisho wake imepanda.”

“Kwa nini imepanda?”

“Nyundo iligonga pembeni. Nilisikia.”

Hapo ndipo ninainuka kwenda kutazama. Ukiwa peke yako, jiulize mwenyewe, na ujibu kabla ya kufuta vumbi kwenye mstari. Jibu bila kuona, kisha ona.

Usitegemee sana maelezo ya maneno. Kumbukumbu ya mkono ina nyumba yake. Huko Marekani alikuwapo Henry Molaison, aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953 ili kumtibu kifafa, na baada ya hapo akawa hashiki jambo jipya akilini. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kufuatisha nyota kwa kalamu akiutazama mkono wake kwenye kioo tu, kazi inayomchanganya yeyote. Kwa siku tatu makosa yake yalipungua, na kila siku alisema hajawahi kuifanya. Mkono ulikuwa umejua, yeye hajui. Nikisoma hayo nilimkumbuka ami yangu. Ukimuuliza unafanyaje, alikuwa akisema “ndoo uone”, yaani njoo uone, basi. Nilikuwa nikidhani ananificha.

Hatua ya 6: Changanya

Ukishaweza mstari, usikae kukata mistari hamsini iliyo sawa. Kata mitatu ya kusimama, kisha upinde mmoja, kisha mstari wa mshazari, urudi. Badili patasi, pana kwa nyembamba. Badili mti: mwembe, kisha kipande cha mbambakofi, halafu mwembe tena, na utasikia jinsi mkono unavyoshtuka mti unapopokea pigo kwa ugumu tofauti. Watafiti Shea na Morgan walilijaribu jambo la kuchanganya mwaka 1979 kwa watu waliojifunza matendo matatu ya mkono. Waliorudia moja hadi liishe ndipo waende lingine walikuwa wepesi siku ya mazoezi. Waliochanganya walikuwa wazito siku hiyo, na walipopimwa baadaye, hao wazito ndio waliokuwa wamebaki na kazi.

Inachosha, na inakatisha tamaa. Mwambie mwanafunzi mapema kwamba siku za kuchanganya kazi itaonekana imerudi nyuma, ili asidhani ameshindwa.

Hatua ya 7: Acha kabla hujachoka

Msuli uliochoka hutoa habari potofu. Mtu huamini mkono uko mahali, na haupo. Ukifanya mazoezi kwa hali hiyo unaufundisha mkono kutegemea ushahidi wa uongo. Mimi nafanya vipindi vya dakika ishirini asubuhi, nakomea adhuhuri, na jioni kipindi kimoja kifupi. Kisha lala. Mwaka 2002 mtafiti Matthew Walker na wenzake walionyesha kwamba watu waliojifunza mfululizo wa kugonga kwa vidole waliamka wakiwa na kasi zaidi ya walivyolala, kiasi cha asilimia 20, bila mazoezi mengine katikati. Mwanafunzi anayekesha na simu hadi alfajiri anaitupa nusu ya kazi yake.

Hatua ya 8: Kwa wanaorudi kutoka kwenye maradhi

Aliyefunguliwa plasta aanze na hatua ya 1 na ya 3 akitumia kalamu badala ya patasi, kwa kadiri daktari au mtaalamu wa viungo alivyomruhusu. Nguvu bila hisi ndiyo inayokata vidole.

Kuna wazee pia, na hili naomba lisomwe nyumbani. Mzee akienda kutawadha, akiinama kuosha uso na kufumba macho, akapepesuka hadi akashika ukuta, msiseme ni uzee tu. Macho yalikuwa yakifanya kazi ya miguu. Yalipofumbwa, siri ikatoka. Kisukari cha muda mrefu huharibu neva za nyayo, na upungufu wa vitamini B12 nao huweza kuharibu njia za hisi kwenye ugwemgongo, na huo unatibika ukiwahiwa. Mpimeni hivi: asimame miguu imekutana, mtu mmoja mbele yake na mwingine nyuma, mikono tayari kumdaka. Akiwa anaona, asimame nusu dakika. Kisha afumbe. Akiwa anasimama vizuri kwa macho na kuanguka bila macho, apelekwe hospitali akaangaliwe miguu na damu. Wakati huo huo, wekeni taa njia ya kwenda msalani na kitu cha kushika penye maji. Na mkono au mguu uliopoteza hisi au nguvu ghafla, uso ukaenda upande, maneno yakapinda, hilo si la kupimwa nyumbani. Ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni kutafuta boti usiku.

Hatua ya 9: Pima asubuhi

Usijipime mwisho wa mazoezi. Wakati huo mkono umepashwa moto na kila kitu kinaonekana kizuri. Jipime kesho yake, kabla ya chai, kabla ya kugusa kitu kingine. Chukua kipande cha mwembe, chora mstari wa urefu wa kidole, kata mara moja. Sema umepotokea wapi, kisha uangalie. Geuza kipande, uandike tarehe kwa kalamu ya risasi, na chini yake ulichosema na ulichokiona. Vyangu vimefika arubaini na moja, vimepangwa juu ya dirisha la karakana. Kumi na mbili vya mwanzo, nilichosema na nilichokiona havikutani hata mara moja. Cha kumi na tatu kinakutana. Mstari wake umepanda mwisho, na nyuma yake nimeandika: “Nilisikia.”